Ujumbe Uliofichwa Katika Mafuta: Kimeng'enya cha COX, Prostaglandini na Dawa Zetu za Maumivu

Mama amejifungua salama katika kituo cha afya ambacho jokofu lake limeharibika. Oksitosini iliyokaa nje ya baridi haiaminiki tena, kwa hiyo mkunga amempa vidonge vya misoprostoli. Mji wa mimba umekaza vizuri, kondo la nyuma limetoka, damu imepungua. Haipiti saa moja, mama anaanza kutetemeka. Meno yanagongana, na kipimajoto kinaonesha nyuzijoto 38.5. Ndugu waliomsindikiza wanasema ni malaria. Mkunga mgeni wa kazi anahofia maambukizi ya uzazi. Mkunga mzoefu anamfunika mama blanketi, anampa parasetamoli, anaandika joto hilo kwenye faili na kuendelea kumchunguza kila baada ya muda mfupi.

Mkunga mzoefu hakubahatisha. Misoprostoli ni nakala iliyotengenezwa maabara ya prostaglandini, yaani lipidi ambayo seli za mwili hujitengenezea wenyewe ili kupelekeana habari. Habari hiyo ilipoufikia msuli wa mji wa mimba, ilisomwa kuwa ni amri ya kukaza. Ilipofika kwenye sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili, ilisomwa kuwa ni amri ya kupandisha joto. Ujumbe ulikuwa mmoja. Wasomaji ndio waliotofautiana.

Makala haya yanaeleza ujumbe huo unavyoandikwa, unavyosomwa, na yanayotokea tunapouzima kwa dawa. Jambo hili linamhusu mhudumu wa afya anayeandika cheti cha dawa, na linamhusu pia mgonjwa anayenunua vidonge vya maumivu dukani bila cheti chochote.

Karatasi kabla ya kuandikwa

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi. Tumezoea kuufikiria utando huo kama ukuta tu, kitu cha kuzuia vya ndani visitoke na vya nje visiingie ovyo. Kumbe ukuta huo ni ghala pia. Miongoni mwa minyororo ya mafuta iliyomo ndani yake kuna asidi arakidoniki, yenye atomu 20 za kaboni na viungo maradufu vinne. Tunaipata katika nyama na mayai, na mwili unaweza pia kuitengeneza kutokana na asidi linoleiki, ambayo ni nyingi katika mafuta ya mimea kama alizeti.

Ikiwa bado imefungwa katika utando, asidi arakidoniki haisemi lolote. Ni kama karatasi ambayo haijaandikwa. Seli ikijeruhiwa, ikishambuliwa na vijidudu, au ikipokea amri ya homoni fulani, kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2 huikata asidi hiyo na kuiachilia. Hapo ndipo mhusika wetu mkuu anapoingia. Jina lake kamili ni saiklooksijenesi, na wahudumu wengi wa afya wanakijua kwa herufi tatu, COX.

COX hufanya kazi mbili katika mwili mmoja wa protini. Katika sehemu ya kwanza huipachika asidi arakidoniki molekuli mbili za oksijeni na kuukunja mnyororo wake. Katika sehemu ya pili huisawazisha zao hilo na kutoa prostaglandini H2. Zao hili si ujumbe kamili bado, na halidumu. Hatima yake hutegemea seli iliyolitengeneza ina kimeng'enya gani kingine karibu. Chembe sahani za damu huligeuza kuwa tromboksani A2, ambayo huziita chembe sahani nyingine zishikamane na kuubana mshipa. Seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu huligeuza kuwa prostasaiklini, ambayo hufanya kinyume chake: huutanua mshipa na kuzizuia chembe sahani zisishikamane. Tumboni, kwenye figo, kwenye viungo vilivyovimba na katika ubongo, sehemu kubwa hugeuzwa kuwa prostaglandini E2.

Msomaji aliyezoea habari za insulini atashangazwa na tofauti moja. Insulini hutengenezwa kongoshoni, huwekwa akiba, kisha husafirishwa na damu kwenda mbali. Prostaglandini haiwekwi akiba. Hutengenezwa pale pale inapohitajika, humfikia jirani, kisha huvunjwa. Tromboksani A2 hupungua kwa nusu kila baada ya sekunde 30 hivi. Prostaglandini E2 inayotoroka na kuingia katika damu huharibiwa kwa kiasi kikubwa mara ipitapo kwenye mapafu kwa mzunguko wa kwanza tu. Ni mazungumzo ya jirani na jirani juu ya ua, si tangazo la redioni. Ndiyo maana goti moja linaweza kuvimba na kuuma huku lile la pili likiwa halina habari.

Seli jirani husoma ujumbe huu kwa vipokezi, yaani protini zilizotokeza juu ya utando wake. Prostaglandini E2 pekee ina vipokezi vya aina nne, EP1 hadi EP4. EP2 na EP4 hupandisha ndani ya seli kiwango cha molekuli ndogo iitwayo AMP ya duara, na mara nyingi matokeo yake ni msuli kulegea na mshipa kutanuka. EP3 kwa kawaida hukishusha kiwango hicho. EP1 huongeza kalisi ndani ya seli. Kwa hiyo mtu akiuliza prostaglandini E2 hufanya nini mwilini, jibu la kweli ni swali jingine: kwenye seli ipi, yenye kipokezi kipi?

Jina lililotokana na kosa

Jina prostaglandini lina asili ya kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1930 mtafiti Ulf von Euler wa Sweden aliona kwamba shahawa zina kitu kinachoshusha shinikizo la damu na kusisimua misuli laini. Mwaka 1935 alikipa jina akidhani kwamba kinatoka katika tezi dume. Baadaye ilibainika kwamba kwenye shahawa hutoka zaidi katika vifuko vya shahawa, na kwamba karibu kila tishu ya mwili hukitengeneza. Jina lilikwishaenea, likabaki. Wenzake wa Sweden, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, ndio waliofumbua umbo la molekuli hizi na njia ya kutengenezwa kwake.

Lakini kwa mhudumu wa afya tarehe kubwa ni mwaka 1971. Aspirini ilikuwa imeuzwa tangu mwaka 1899, watu wakaimeza kwa zaidi ya miaka 70 bila yeyote kujua inafanya kazi vipi. Mwaka huo John Vane, huko London, alionesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Vane, Bergström na Samuelsson walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Ugunduzi wa Vane ulieleza mambo mawili kwa mkupuo: kwa nini dawa hizi hutuliza homa, maumivu na uvimbe, na kwa nini hudhuru tumbo. Watu walikuwa wakiyahesabu madhara hayo kama kasoro ya dawa, kitu ambacho kiwanda kizuri zaidi kingeweza kukiondoa. Sivyo. Nafuu na madhara ni tendo lile lile katika mahali pawili.

COX-1 na COX-2

Mapema miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba kuna COX mbili. COX-1 ipo karibu kila mahali wakati wote, ikilinda tumbo na kuziwezesha chembe sahani kufanya kazi. COX-2 katika tishu nyingi huwa haionekani mpaka kuwe na jeraha au maambukizi. Hapo seli huanza kuitengeneza kwa wingi katika muda wa saa chache. Dawa za steroidi, kama prednisoloni, huzuia seli zisiitengeneze, na hiyo ni sababu mojawapo ya nguvu yake dhidi ya uvimbe.

Mgawanyo huu uliwapa watu matumaini kwamba ukizima COX-2 pekee utapata nafuu bila kidonda cha tumbo. Matumaini hayo yalikuwa nusu ya ukweli. Figo na ubongo hutumia COX-2 hata mtu akiwa mzima, na ukuta wa mishipa ya damu huitegemea katika kutengeneza prostasaiklini. Chembe sahani, kwa upande wake, hutegemea COX-1 kutengeneza tromboksani. Ukiizima COX-2 peke yake, unainyamazisha sauti inayosema "damu isigande" na kuiacha ile inayosema "igande". Dawa iitwayo rofecoxib, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni dunia nzima mwezi Septemba 2004 baada ya utafiti kuonesha kwamba watumiaji walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kisa cha Vioxx kinasimuliwa mara nyingi kama historia ya nchi za mbali. Nadhani tunakosea kukiweka mbali hivyo. Diklofenaki, ambayo inapatikana karibu kila duka la dawa hapa kwetu, huibana COX-2 zaidi ya COX-1 kwa kiwango kinachokaribiana na baadhi ya dawa zilizobuniwa makusudi kwa kazi hiyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa onyo kwamba isitumiwe na watu wenye ugonjwa wa moyo wa mishipa kuziba, moyo kushindwa kufanya kazi, au waliowahi kupata kiharusi. Mgonjwa wa namna hiyo akiomba diklofenaki kaunta kwetu, mara ngapi anaulizwa?

Aspirini ni ndugu aliye tofauti

Ibuprofeni na diklofenaki huingia katika mfereji wa COX ambamo asidi arakidoniki hupita, zikaziba kwa muda, kisha zikatoka. Aspirini hufanya zaidi ya hapo. Huingia, hupachika kipande chake ndani ya mfereji na kukiacha humo daima. Kimeng'enya kilichopachikwa hivyo hakifai tena. Seli inabidi itengeneze kipya.

Seli nyingi zinaweza kutengeneza kipya, kwa kuwa zina kiini. Chembe sahani haina kiini. Ikiguswa na aspirini asubuhi, inabaki bila tromboksani mpaka mwisho wa maisha yake, yaani siku 7 hadi 10. Hapo ndipo dozi ndogo ya miligramu 75 kwa siku inapopata maana: inazinyamazisha chembe sahani, wakati ukuta wa mishipa unajitengenezea kimeng'enya kipya na kuendelea kutoa prostasaiklini. Mgonjwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo hulindwa kwa njia hii.

Kuna tahadhari inayosahaulika. Mgonjwa huyo akimeza ibuprofeni kwanza, mfereji huwa umezibwa aspirini inapofika, na kwa kuwa aspirini haikai sana katika damu, hupita bila kufanya kazi yake. Anayelazimika kutumia zote mbili ameze aspirini ya kawaida kwanza na kusubiri angalau dakika 30 kabla ya ibuprofeni, au ibuprofeni iwe imemezwa zaidi ya saa 8 kabla ya aspirini.

Goti, tumbo, figo

Tumchukue mgonjwa wa kufikirika, ingawa kila anayefanya kazi kliniki atamtambua. Ni mama wa miaka 62, mkulima, mwenye shinikizo la juu la damu. Hutumia losartani na haidroklorothiazidi. Magoti yamemsumbua tangu msimu wa palizi. Jirani amemwambia anunue diklofenaki ya miligramu 50, naye anaimeza mara 3 kwa siku. Amepata nafuu kubwa, kwa hiyo kila vidonge vikiisha anarudi dukani.

Nafuu yake ni ya kweli na tusiidharau. Katika goti lililovimba, prostaglandini E2 huzifanya ncha za neva kuwa nyepesi kusikia. Kwa kawaida yenyewe haileti maumivu makali. Inachofanya ni kushusha kizingiti, hata hatua ya kawaida ya kushuka ngazi, ambayo neva ingeipuuza, inasomwa kuwa ni maumivu. Diklofenaki inakirudisha kizingiti mahali pake. Mama analala usiku, anakwenda shambani asubuhi.

Kwenye tumbo lake habari ni nyingine. Huko prostaglandini E2 huamuru ute utengenezwe, bikaboneti imwagwe chini ya ute huo, damu ipite kwa wingi katika ukuta, na asidi ipunguzwe. Bila amri hiyo tumbo linajitafuna taratibu. Watu wengi huamini kwamba kumeza dawa baada ya kula au kunywa maziwa kunatosha kujikinga. Chakula kinaweza kupunguza kiungulia, lakini hakiurudishi ujumbe uliozimwa. Wengine huomba sindano wakiamini kwamba sindano haipiti tumboni. Haipiti kwa njia ya mdomo, ni kweli. Inafika kwa njia ya damu, na COX ya ukuta wa tumbo haiulizi dawa imepita njia gani. La kutisha zaidi ni kwamba dawa yenyewe hutuliza maumivu, kwa hiyo kidonda kinaweza kukua bila kuuma. Dalili ya kwanza huweza kuwa choo cheusi kama lami, au kutapika damu. Mwenye umri mkubwa, aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, mwenye bakteria wa Helicobacter pylori, anayetumia steroidi au wafarini, yumo katika hatari zaidi ya wengine.

Figo zake nazo zina shauri lao. Mtu mzima aliyekunywa maji ya kutosha haitegemei sana prostaglandini kwenye figo. Lakini damu inayofika ikipungua, kwa kuharisha, kutapika, kutokwa jasho juani bila maji, au kwa moyo dhaifu, figo hutoa prostaglandini ili kuutanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio. Mama huyu anatumia dawa ya kuongeza mkojo, inayopunguza maji mwilini. Anatumia losartani, inayoulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio na hivyo kushusha msukumo ndani yake. Sasa diklofenaki inaubana mshipa unaoingiza. Msukumo unashuka kutoka pande zote tatu, na chujio linaweza kusimama. Kila dawa kati ya hizo tatu, ikiwa peke yake, aliyeitoa angeweza kuitetea. Kuharisha kwa siku mbili tu kunatosha kuugeuza mchanganyiko huo kuwa figo kushindwa ghafla.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo la polepole zaidi. Figo zikikosa prostaglandini hushikilia chumvi na maji, na shinikizo la damu hupanda. Mama anafika kliniki, vipimo vinasoma juu, daktari anaongeza dawa ya tatu ya shinikizo. Mwezi unaofuata anaongeza ya nne. Diklofenaki haimo kwenye kadi kwa sababu haikutolewa kliniki, na mama hakuitaja kwa sababu aliulizwa juu ya dawa za shinikizo, si juu ya dawa za magoti. Kwa maoni yangu, swali moja, "Mama, unatumia nini ukiumwa na viungo?", lingefaa kuulizwa kabla ya kuongeza kidonge chochote cha shinikizo la damu.

Afanyeje basi? Parasetamoli hufanya kazi zaidi katika ubongo na hugusa kidogo sana COX ya tumbo na figo. Haitamtosheleza kila siku, lakini ni pa kuanzia, ilimradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye ini bovu au mwili mdogo. Diklofenaki ya kupaka hufika gotini na kuingia kidogo tu katika damu. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja husaidia, ingawa kumwambia mkulima afanye mazoezi kunahitaji maelezo na subira: si kazi zaidi, bali ni kuinua mguu akiwa amekaa, polepole, mara kadhaa kwa siku. Ikibidi vidonge vitumike, iwe dozi ndogo kabisa inayofaa, kwa siku chache, pamoja na omeprazoli kumlinda tumbo, na apimwe shinikizo na kreatinini baada ya wiki moja au mbili.

Kwa mama na mtoto

Hakuna mahali ambapo ujumbe huu una mambo mengi kama katika uzazi. Maumivu ya hedhi yenyewe hutokana na prostaglandini, hasa F2α, inayotolewa na ukuta wa mji wa mimba unapobomoka; msuli hukaza hadi kujinyima damu. Ndiyo sababu ibuprofeni huwasaidia wasichana wengi kwa maumivu hayo kuliko parasetamoli, na hufaa zaidi ikianzwa mara tu maumivu yanapoanza, kabla prostaglandini haijatengenezwa kwa wingi. Msichana mwenye afya anayeitumia kwa siku mbili au tatu kwa mwezi hayumo katika hali ya yule mama wa miaka 62, na hana sababu ya kutishwa.

Katika ujauzito mambo hubadilika. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hiyo damu yake hupita kwenye mshipa wa mchepuko unaounganisha mshipa mkuu wa mapafu na aota. Prostaglandini E2 ndiyo inayouweka wazi. Mama akimeza ibuprofeni au diklofenaki katika miezi ya mwisho, mchepuko huo unaweza kuanza kufunga kabla ya wakati. Tangu wiki ya 20 kuna hatari nyingine: figo za mtoto kutoa mkojo kidogo, na maji ya uzazi kupungua. Mjamzito mwenye maumivu ya mgongo apewe parasetamoli. Wataalamu wa watoto huitumia elimu hii kwa pande zote mbili: mtoto njiti ambaye mchepuko wake umekataa kufunga huweza kupewa ibuprofeni, na mtoto mchanga mwenye kasoro ya moyo inayomfanya aishi kwa mchepuko huo hupewa prostaglandini E1 kwa mshipa ili usifunge mpaka apasuliwe.

Aspirini ya dozi ndogo haimo katika katazo hilo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku, kuanzia kabla ya wiki ya 20, kwa wajawazito walio katika hatari ya kupata shinikizo la mimba linaloweza kuishia kwenye kifafa. Nimesikia wajawazito wakikatazwa dawa hiyo dukani kwa kuambiwa kwamba "aspirini ni mbaya kwa mimba". Aliyeandikiwa kliniki aendelee nayo.

Na sasa turudi kwa mama wetu anayetetemeka chini ya blanketi. Misoprostoli ilibuniwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, yaani kurudisha ujumbe ambao dawa za maumivu huuzima. Thamani yake kubwa kwetu imekuwa katika wodi ya wazazi, kwa kuwa haihitaji jokofu wala sindano. Pale ambapo oksitosini haipatikani au haiaminiki, mikrogramu 400 au 600 kwa mdomo baada ya mtoto kuzaliwa huzuia kutokwa damu. Na damu ikishaanza kutoka kwa wingi, hutumika mikrogramu 800 chini ya ulimi. Kabla ya kuitoa, mkono wa mkunga upapase tumbo na kuhakikisha hakuna pacha, maana mji wa mimba utakaza bila kujali kama kuna mtoto ndani. Kutetemeka, joto na kuharisha ni habari ile ile ikisomwa na ubongo na utumbo. Joto hilo huwa limetulia katika muda wa saa chache. Likidumu hadi siku ya pili, au likiambatana na uchafu wa ukeni wenye harufu au tumbo kuuma likiguswa, hapo tena si misoprostoli, na mama atibiwe kama mwenye maambukizi.

Homa na mengine machache

Homa ya malaria au ya mafua hupandishwa kwa njia hiyo hiyo: seli za mishipa ya damu ya ubongo hutengeneza prostaglandini E2, na EP3 katika haipothalamasi huusoma ujumbe. Kushusha homa kwa dawa hakuui kimelea. Watu bado hulichanganya hilo na kupona. Jiji la Dar es Salaam lilipopata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, wagonjwa walishauriwa wasitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Dengue hupunguza idadi ya chembe sahani, na dawa hizi huzinyang'anya uwezo zile chache zilizobaki. Wakati wa mlipuko, mwenye homa ambaye hajapimwa apewe parasetamoli na maji mengi. Mtoto mwenye homa ya virusi asipewe aspirini kabisa, kwa sababu ya hatari adimu lakini kubwa kwa ini na ubongo wake.

Baadhi ya wenye pumu hubanwa na kifua muda mfupi baada ya kumeza aspirini au ndugu zake. Kwao, COX ikizibwa, mizani kati ya lipidi hizi huvurugika na njia ya pili ya asidi arakidoniki huzidisha lukotrini, ambazo hubana njia za hewa. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo mara moja aandikwe kwenye kadi yake.

Ombi kwa mgonjwa anayesoma makala haya ni dogo. Ukienda kliniki, beba vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vile vya dukani, vya jirani, na vile vya mchanganyiko ambavyo ndani ya kidonge kimoja vina diklofenaki na parasetamoli. Wapo wanaomeza kidonge hicho, kisha wakaongeza parasetamoli juu yake, kisha ibuprofeni, wakidhani wametumia dawa tatu tofauti kwa magonjwa matatu. Vimwage mezani mbele ya muuguzi, hata kama havina boksi lake.